Sura Isiyokuwamo Kitabuni

Tulikuwa watatu tu kwenye kamati, na kazi tuliyopewa ilikuwa nyepesi kuitamka: tuchague riwaya moja ya Kiamhari, iliyoandikwa ndani ya miaka arobaini iliyopita, ichapishwe upya na kusomwa katika shule za sekondari. Chama cha maktaba kilichotuita kilitaka kitabu ambacho hata wajukuu wetu watakisoma bila kushikiwa fimbo. Uliza swali hilo Addis Ababa, kwenye meza yoyote yenye kahawa, uone watu watakavyonuniana.

Mwenyekiti alikuwa Ato Wubishet (ato ni bwana kwetu), mhariri mstaafu wa gazeti, mzee mrefu anayevaa koti la sufi hata jua likiwaka. Wa pili alikuwa Meklit, mhadhiri wa chuo kikuu, msichana wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kubisha. Wa tatu mimi, Aselefech, niliyefundisha fasihi katika shule moja ya Gulele kwa miaka thelathini na miwili, nikastaafu na miwani mizito na jina zuri. Jina hilo ndilo lililoniponza.

Alhamisi ya kwanza kila mtu alitaja kitabu chake. Ato Wubishet alileta riwaya nene ya vita, kurasa mia sita. Meklit alileta *Ghorofa Isiyo na Lifti*, kitabu cha dada mmoja wa rika lake kuhusu familia zilizohamishiwa kwenye majengo mapya pembezoni mwa jiji.

"Hicho wino haujakauka," Ato Wubishet alisema. "Tungoje kwanza tuone kama kitadumu."

"Tungoje nini, Gashe?" Meklit aliuliza, akimwita kwa jina la heshima la wazee. "Mwandishi afe?"

"Ingesaidia."

Tulicheka, kisha wakanigeukia mimi. Nikasema kitabu changu ni *Karani wa Barua*, cha marehemu Lakew Wondafrash. Hakuna kati yao aliyekuwa amekisoma. Kilichapishwa nakala chache, mara moja tu, na Lakew hakuandika kingine. Basi nikawasimulia kama nilivyowasimulia wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka, nikiwa nimesimama, mkono mmoja juu ya meza.

Karani wa posta, katika mji mdogo wa milimani, huwasomea wazazi barua za watoto wao walioko vitani, kwa sababu wazazi hawajui kusoma. Siku moja inafika barua ya kifo cha kijana wa pekee wa mama mmoja, Debritu. Karani anaipeleka nyumbani kwake, anaifungua, na mdomo unakataa. Anaanza kusoma barua isiyokuwepo: mwanao mzima, baridi ni kali, anamuulizia yule ng'ombe mwekundu. Mama anasikiliza hadi mwisho. Anamimina kahawa. Kisha anasema, "Ng'ombe mwekundu tulimuuza kabla mwanangu hajazaliwa. Lakini soma tena."

Meklit alifuta macho kwa ncha ya shali yake nyeupe. Ato Wubishet alivua miwani akaitazama kama imemkosea.

"Mwalimu," alisema, "nikiiona sura hiyo kwa macho yangu, kura yangu ni yako. Alhamisi ijayo tuletee kitabu."

Nilishuka ngazi za maktaba nikitembea kama bibi harusi. Nilifika getini ndipo nikakumbuka kwamba sina kitabu chenyewe. Sijawahi kuwa nacho.

Siku ya pili nilianza kuzunguka kwa wauza vitabu vikuukuu. Wengine hawakuwahi kusikia hata jina lake. Mmoja aliniuzia maneno tu: alikuwa nacho juzi, kimechukuliwa jana. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Jumapili, baada ya misa, nilimpata Dagne, mwanafunzi wangu wa zamani anayekodisha vitabu karibu na Arat Kilo. Alipanda juu ya kasha, akaingiza mkono nyuma ya safu ya vitabu vya dini, akatoka na kitabu chembamba chenye jalada la kahawia.

"Hiki sikikodishi kwa mtu," alisema. "Ila wewe, mwalimu, wewe ndiye uliyenifanya nikitafute. Ile sura ya Debritu!"

"Umeisoma?"

Alisita kidogo. "Bado sijafika hapo," akasema, na sikumtilia maanani.

Jumatatu asubuhi niliweka mchuzi wa shiro jikoni, nikakaa mezani na kitabu. Nilikwenda polepole, nikijipa raha. Karani alikuwepo, mji ulikuwepo, na barua zilikuwepo, na lugha ilikuwa safi, kavu, bila pambo. Nikafika ukurasa wa mia moja arobaini na moja. Barua ya kifo inafika. Karani anaisoma akiwa amesimama, anafungua mlango wa jiko la makaa, anaitumbukiza ndani. Aya mbili. Sura inayofuata amehamishiwa mji mwingine, na Debritu hatajwi tena.

Nilirudi nyuma. Nilihesabu kurasa kwa kidole, moja moja, nikakagua mshono kama kuna karatasi iliyonyofolewa. Hakuna. Nilikisoma kitabu kizima hadi mwisho, nikakianza tena, na ni harufu ya shiro kuungua iliyonitoa pale mezani.

Sura haikuwamo.

Msomaji, sijui kama umewahi kuingia nyumbani kwako ukakuta mlango mmoja haupo, ukuta mtupu, na unaapa jana ulipita hapo. Jambo la kwanza nililoliwaza ni mama yetu. Mama alianza hivyo hivyo. Alitusimulia harusi ambayo haikufanyika, kwa majina na kwa vyakula, na sisi tukacheka, na baada ya miaka miwili hakutujua. Alikuwa na umri kama wangu wa sasa alipoanza.

Nilijijaribu. Nilikaa kitandani nikaita majina ya darasa la mwisho nililofundisha, kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, hadi wa arobaini na saba. Nikayapata yote. Haikunituliza, maana mama naye hadi mwisho alikumbuka majina ya mbuzi wa baba yake.

Jumanne nilipata namba ya simu ya mjane wa Lakew, Weizero Askale, yaani Bibi Askale. Pengine kulikuwa na toleo jingine. Pengine wakaguzi wa wakati ule walikata sura, na mimi nilikutana na nakala iliyoponyoka. Niliomba iwe hivyo, nikapiga.

"Toleo ni moja tu, mwalimu," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyechoka kidogo. "Hakuna kilichokatwa. Mswada ninao hapa kabatini."

"Na sura ya mama anayesomewa barua…"

"Ya ng'ombe mwekundu?"

"Hiyo! Kumbe unaijua!"

"Wewe ni mtu wa tano kuniulizia. Wa kwanza alikuja Lakew akiwa hai bado. Lakew alidhani anataniwa. Nikawauliza wote walikosoma. Wote walisoma shule moja, Gulele."

Nilishukuru nikakata simu. Miaka yote hiyo. Darasa baada ya darasa. Baadhi yao ni walimu sasa, nao wana madarasa yao.

Nilibaki na mtu mmoja tu wa kumuuliza. Nilipokuwa kijana, pazia la ndani ya jicho langu liliachia, nikafanyiwa upasuaji, na daktari akaamuru nilale chali wiki tatu, macho yote mawili yamefungwa. *Karani wa Barua* nilikijua katika wiki hizo. Sikukisoma. Nilisomewa na dada yangu mkubwa, Yewubdar, kikarudishwa kilikokodiwa, na kadiri miaka ilivyokwenda nikawa nawaambia watu, na kujiambia mwenyewe, kwamba nilikisoma.

Sikumshuku Yewubdar hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Dada yangu aliacha shule darasa la sita ili mimi niendelee, kwa kuwa nyumbani palikuwa na nafasi ya mmoja tu. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Sikukuu nampelekea sukari na kahawa mbichi. Kitabu sijawahi kumpelekea hata kimoja. Nilikwenda kwake nikitaka shahidi tu, mtu wa kuniambia kwamba akili yangu ingali mahali pake.

Jumatano asubuhi nilipanda hadi kwake, mtaa wa Shiro Meda. Nilimkuta mlangoni, cherehani mbele yake, akishonea pindo la nakshi kwenye gauni jeupe la mtu. Alinibusu mara tatu na kuniangalia.

"Asele, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kula. Uso wako umekuwa kama wa siku ya hamsini ya mfungo, na mfungo bado haujaanza."

Alinipakulia mkate wa injera na dengu, nikamega kidogo ili asiseme. Alipoanza kukaanga kahawa nikashindwa kungoja.

"Dada, unakumbuka kitabu ulichonisomea nilipokuwa nimefungwa macho?"

"Nilikusomea vitatu."

"Cha karani wa posta."

Aliendelea kutikisa kikaango. "Nakikumbuka."

"Kuna mahali karani anampelekea mama mmoja barua ya kifo, halafu anamsomea maneno mengine. Unakumbuka? Sema tu unakumbuka."

Alikitoa kikaango kwenye makaa. Kwa desturi angenipitishia moshi nisikie harufu yake. Safari hii alikiweka chini, kando ya goti lake.

"Kwa nini unauliza leo?"

"Kwa sababu kitabu ninacho, na hapo mahali hapapo. Nadhani ninaanza kama mama."

"Wewe mwana wewe!" alisema, akanishika kiganja. "Huanzi chochote. Nyamaza. Huanzi chochote."

Kisha akanieleza, akiwa ameinamisha macho kwenye makaa. Kitabu kile cha kukodi kilikuwa kimenyofolewa kurasa. Hakujua hadi alipozifikia. Ilikuwa mchana, mimi nimelala, nimemshika nguo, namwambia endelea, endelea, barua imefika, halafu? Siku hizo nililia sana chini ya vitambaa, na daktari alikuwa amemuonya kwamba nikilia jicho litapotea.

"Niseme nini?" aliniuliza. "Niseme hapa pamechanika, kaa na kiu yako? Ungelia. Nikaangalia karatasi inayofuata, wala haishiki na ile ya nyuma. Basi nikaendelea tu. Sikuwa na hadithi kichwani, Asele. Nilikuwa na kitabu kisicho na maneno, na mtu anayeningoja niseme. Nikamfanya karani awe hivyo hivyo."

"Na ng'ombe mwekundu?"

"Yule wa baba. Aliuzwa mwaka niliozaliwa, mama hakuacha kumtaja. Mdomo ulimtoa wenyewe, nikaona nimeharibu, maana na wewe unajua yule ng'ombe aliuzwa. Nikafikiri, sasa atanigundua. Ndipo nikamfanya mama wa kwenye hadithi agundue kabla yako."

Nilibaki nimetazama makaa. Alidhani nimekasirika.

"Ungeniambia ulikuwa unawafundisha watoto wa watu," alisema, sauti imepanda. "Ningekuzuia! Mimi nilijua imekwisha siku ile ile. Utafundishaje shule upuuzi wa Yewubdar?"

"Si upuuzi."

"Usinitanie."

"Dada, wanalia. Kila mwaka wanalia. Mhadhiri wa chuo kikuu amelia wiki iliyopita."

Aliokota kikaango na kuanza kuzitwanga buni zikiwa zimepoa, jambo asilolifanya kamwe, na kahawa tuliyokunywa siku ile ilikuwa mbaya.

Usingizi uliniacha. Wazo lililonitesa halikuwa tena wazimu. Ningeweza kunyamaza, kusema kitabu kimekosekana, kuondoa jina lake na kumuunga mkono Meklit, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilinijia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kulipopambazuka nilikisoma kitabu mara ya tatu, safari hii nikijilazimisha kukiona jinsi kilivyo, bila dada yangu ndani yake. Kilikuwa kitabu kigumu na chenye ukweli wake. Kilikuwa pia kidogo kuliko nilichokuwa nikikipenda.

Maktabani, Ato Wubishet alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kabla sijakaa. "Kiko wapi?"

Nilimpa. "Gashe, sura niliyowasimulia haimo."

"Haimo vipi?"

Nikawaambia yote, macho yangu kwenye kalamu iliyokuwa mezani: macho yaliyofungwa, kurasa zilizonyofolewa, dada yangu, na kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini nimesema nimekisoma kitabu ambacho sikukisoma. Hilo la mwisho nililisema haraka kuliko mengine. Nilipomaliza, nilimsikia mtu akisukuma kitoroli cha vitabu kwenye korido, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo," Ato Wubishet alisema taratibu, "tumelizwa na fundi cherehani."

"Ndiyo. Na usiliseme hivyo."

"Nimelisema vipi?"

"Kwa sauti hiyo."

Aliinua viganja. Meklit hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amefungua ukurasa wa mia moja arobaini na moja, anasoma kimya, na alipomaliza akausoma kwa sauti: karani, jiko, karatasi inayojikunja. Aliusoma vizuri, bila kuongeza machozi yake.

"Ni nzuri," alisema. "Ya baridi, lakini nzuri. Huyu mwandishi hakutaka kutufariji."

"Basi kipigie kura," nilimwambia. "Kwa hiki kilichomo. Mimi nakipigia."

Alifunga kitabu. "Mwalimu, nisamehe. Wiki nzima nimeishi na Debritu. Nikisoma hiki namngoja, na haji. Sitaweza kuwapa watoto kitabu ambacho mimi mwenyewe natafuta ndani yake kitu kisichokuwamo."

Ndivyo nilivyokuwa nimekisoma na mimi. Ato Wubishet alishikilia vita vyake, Meklit ghorofa yake, na mimi karani wangu, saa mbili nzima, hadi mzee akaniuliza kama ningeweza kulala usiku kitabu cha Meklit kikishinda. Nikasema ningeweza. "Hata mimi, nadhani," alisema, kwa uchungu wa mtu anayeng'olewa jino. *Ghorofa Isiyo na Lifti* ikapita kwa kura tatu. Watoto wanaisoma sasa. Ni kitabu kizuri, na kama kitadumu miaka hamsini hatutakuwepo kuhakiki.

Wiki hiyo niliwaandikia wale niliowajua kati ya wanafunzi wangu waliokuja kuwa walimu. Ni barua iliyoniwia ngumu kuliko zote maishani. Wengi hawakujibu. Dagne, nilipomrudishia kitabu chake, alikiri kwamba alikuwa amekisoma mara tatu, na hakuthubutu kuniambia.

Kisha nikampigia Weizero Askale. Nilitarajia anikemee, nami nilistahili. Badala yake aliuliza, "Huyo dada yako, naweza kumwona?"

Yewubdar alikataa. Alikataa siku nne. Mke wa mwandishi, wa nini, alisema, ataniuliza maswali ya shule, nitasema nini. Jumapili nilimkuta amevaa gauni lake jipya jeupe, amekaa ukingoni mwa kiti, mikono imekaza mapajani. Alikuwa akitetemeka kuliko mimi mbele ya kamati. Weizero Askale aliingia, mama mfupi mwenye mvi, akambusu, akakaa, hakuuliza lolote la shule. Aliomba asimuliwe sura ile na aliyeitunga.

Dada yangu aliisimulia vibaya. Alisahau baridi, akarudi nyuma, akachanganya nani amesema nini, na mimi nilifunga mdomo kwa nguvu zote nisimsahihishe. Alipofika kwa ng'ombe, Weizero Askale alifunika uso kwa shali.

"Lakew aliijaribu sura hiyo," alisema baadaye. "Karani kwenda kwa yule mama. Aliiandika, akaichana, nadhani mara tatu. Alisema anaweza kumfikisha karani mlangoni, lakini hajui mama angesema nini. Ndiyo maana akamfanya karani aichome ile barua."

Yewubdar alikuwa amekwisha kushika birika ili ammiminie mgeni. Mkono wake ulikuwa umetulia.

"Angekuja kuniuliza," alisema.